Kila ndege na kina chake cha maji

Mwezi wa tano, mvua zikishakata, Ziwa Sagara huanza kurudi nyuma. Huwezi kuliona likirudi, ila ndege utawaona. Yangeyange waliokuwa wakizunguka kwenye nyasi karibu na vichanja vya kukaushia samaki wanasogea hatua chache kuelekea ndani, kesho yake hatua nyingine, na ndani ya wiki kadhaa pale walipokuwa pamebaki matope yaliyopasuka na kwato za ng'ombe. Wavuvi wanapoanza kulalamika kwamba mitumbwi inakwama, mimi nakuwa nimeshajua siku nyingi.

Mimi ni karani wa mwalo, upande huu wa Nguruka. Kazi yangu ni mizani na daftari: nani kaleta nini, perege kilo ngapi, kambare kilo ngapi, kamongo wakubwa au wadogo. Mwisho wa kila mstari kuna nafasi ya maelezo ambayo zamani ilikuwa inabaki wazi, na ndimo nilimoanza kuandika ndege. Nilianza kwa kupitisha muda kati ya mtumbwi mmoja na mwingine. Siku hizi nafika mwaloni kabla ya jua kwa sababu ya hao ndege, na darubini niliyoinunua kwa mtu kule Kigoma mjini haitoki shingoni mwangu hadi mchana.

Wasomaji wangu wa Dar na Mwanza mara nyingi huniuliza Sagara ni wapi, kwa hiyo niseme kidogo. Mto Malagarasi unaanzia kwenye milima ya mpakani na Burundi, unazunguka mbali kupitia mashariki, kisha unageuka kwenda kumwaga maji Ziwa Tanganyika, kule Ilagala. Katikati ya safari hiyo unafika kwenye nchi tambarare, unakutana na mito mingine kama Moyowosi, na Ugalla unaokuja kutoka upande wa Tabora, na hapo maji yanakosa haraka. Yanatanda. Eneo lote, Ziwa Sagara likiwemo, linaitwa Malagarasi-Muyovozi, na mwaka 2000, Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, hili ndilo lilikuwa la kwanza nchini kuandikishwa. Ukubwa wake ni hekta 3,250,000. Serengeti yote ingeingia humo mara mbili na nafasi ikabaki. Mafunjo peke yake, yale yasiyokauka mwaka mzima, yanafunika kama hekta 200,000, na mafuriko yakiwa mazuri mbuga zinazolizunguka hujaa maji kwa zaidi ya hekta milioni moja.

Mwaka mmoja maji yanapanda sana, mwaka mwingine kidogo. Ukingo wa maji hauna mahali pa kudumu, unatembea. Kwa mkulima na mfugaji hilo ni usumbufu. Kwa ndege ndiyo riziki yenyewe, na ndilo jambo ninalotaka kulieleza leo kwa kirefu kidogo, maana nimechoka kusikia watu wakisema "ndege ni ndege tu".

Baba mdogo, ambaye ni mvuvi tangu kabla sijazaliwa, alinifundisha kupima kina kwa upondo. Baadaye nikagundua kwamba hata yeye akiwa mbali hapimi, anatazama ndege.

"Baba mdogo, pale panapita mtumbwi?"

"Pale pana korongo, mwanangu. Ni magoti. Zunguka huku kwenye mayungiyungi."

Nikaanza kuwaandika kwa kina, badala ya kuwaandika kwa majina peke yake. Ukitoka nchi kavu, kwenye majani yenye unyevu tu, utawakuta korongo taji, wale wenye nywele za dhahabu kichwani ambao Waganda wamemweka mmoja wao kwenye bendera yao. Wanakula wadudu, mbegu, vyura, na usiku wanapanda kulala mitini. Duniani sasa wamewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Kwetu bado nawaona wakitembea wawili wawili nyuma ya ng'ombe, na kila nikiwaona naandika.

Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, hapo ni pa wenye midomo myembamba. Sululu na chamchanga wanatoboa matope wakitafuta minyoo na wadudu. Wengi wa chamchanga hawa hawakuzaliwa hapa. Wanataga kaskazini kabisa, Ulaya na Asia, halafu baridi ikikaribia wanashuka kuja kula kwetu, pamoja na mbayuwayu ambao mwezi wa kumi hujaa kwenye nyaya za simu kando ya reli. Ndege mwenye uzito usiofika hata robo ya robo kilo anavuka Sahara ili aje kwenye tope la Nguruka! Anayeona tope hili halina maana aje asimame nami asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili.

Usawa wa magoti ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote, na hapa nitakaa kidogo. Yupo korongo mmoja ambaye mdomo wake haufungiki katikati. Ncha zinakutana, lakini kati yake kuna uwazi unaoonekana mwanga upande wa pili. Anakula konokono wa majini na kome, na mdomo huo ndio unaomsaidia kumshika konokono na kumtoa ndani ya gamba. Mahali alipokula unapajua kwa magamba matupu yaliyolala chini, mazima, hayakupondwa. Karibu naye anapita domomwiko, akipeleka mdomo wake kushoto na kulia ndani ya maji bila kutazama, na unajifunga ukigusa tu kitu kinachosogea. Halafu yupo kulasitara mweusi, mdogo, anayefanya jambo ambalo mara ya kwanza nilipoliona niliacha mizani ikining'inia na kilo za mtu: anainama, anaeneza mabawa mbele na kuyakutanisha juu ya kichwa chake kama mwavuli, anakaa kimya ndani ya kivuli chake mwenyewe. Samaki wadogo wanakimbilia kivulini. Yeye anachukua. Anafunga, anatembea hatua tatu, anafungua tena.

Watatu hao nimewaona wakila pamoja katika eneo dogo ambalo kijana angerusha jiwe likavuka, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Mmoja anataka konokono wa chini, mwingine anataka vinavyosogea bila kuonekana, wa tatu anataka vidagaa vinavyoogopa jua. Lakini wote wanataka maji ya magoti. Yakizidi hapo yule mdogo anazama, yakipungua samaki wanaondoka. Kwa hiyo maji yakisimama mahali pamoja mwaka mzima, hawa watamaliza chakula cha mstari mmoja na basi. Yakiwa yanatembea, kila wiki wanapewa mstari mpya ambao haujaliwa.

Mbele kidogo, mayungiyungi yanapofunika maji, anatembea ndege mwekundu wa kahawia mwenye paji la uso la buluu, vidole virefu kupita kiasi. Vidole hivyo vinagawa uzito wake juu ya majani, asizame. Wenzetu wa kiume watasikia hili: kwa ndege huyu mama anaweza kuwa na waume kadhaa, anataga na kuondoka, na baba ndiye anayeatamia na kulea. Hatari ikitokea baba huwabana vifaranga chini ya mabawa na kukimbia nao, miguu yao mirefu ikining'inia pembeni, ukadhani ni ndege mmoja mwenye miguu kumi. Nimewaonyesha kina mama wanaonunua samaki pale mwaloni, na tangu siku hiyo wakimwona huniita kwa sauti.

Maji marefu ni ya mwari, mnandi na mbizi. Mnandi na mbizi manyoya yao yanaingia maji, na ndiyo maana wanazama kirahisi wakimfukuza samaki, na ndiyo maana pia baadaye utawaona juu ya miti mikavu wameyatandaza mabawa yakauke. Wavuvi wengi hawampendi mnandi. Wanasema anawamalizia samaki. Mimi ninayepima samaki kila siku nasema: siku ambazo mwari na mnandi wamejaa upande mmoja wa ziwa, mitumbwi iliyotoka upande huo ndiyo inayorudi imelemewa. Baba mdogo huwafuata asubuhi. Anayewatupia mawe anamfukuza mtu anayempigia simu kumwambia samaki wako wapi.

Fundichuma nitamtaja kwa kifupi, ingawa ana hadithi nyingi. Kiota chake kikubwa cha vijiti, chenye paa na mlango wa chini, kinaheshimiwa hapa na hakuna anayethubutu kukibomoa kwa kuogopa mkosi. Sibishani na imani hiyo. Akikihama, bundi huhamia, na kenge, na nyuki wakati mwingine. Woga wa wazee wetu umewalinda wengi waliomo ndani yake.

Sasa niingie kwenye mafunjo.

Nilikuwa na hamu ya kumwona korongo nyangumi tangu nilipoanza kuandika. Baba mdogo alikuwa ananiambia yupo, upande wa kaskazini, kabla ya kufika mpaka wa pori la akiba, lakini hapendi kelele. Tulikwenda maji yakiwa yanashuka. Tulipita kwenye njia zilizofunguliwa na viboko, maana bila viboko mafunjo hujifunga na hakuna mtumbwi unaopenya. Kwenye kiuwanja kidogo cha maji, juu ya majani yanayoelea, alikuwa amesimama. Wa kijivu, ananifika kifuani, mdomo mpana mno wenye ncha iliyopinda, macho ya njano yanayokutazama moja kwa moja. Baba mdogo aliuchomeka upondo kwenye tope, tukakaa.

Hakusogea. Jua lilipanda, mbung'o wakatuuma, hakusogea. Baba mdogo alinieleza kwa sauti ya chini, na nimeyathibitisha baadaye kwa kusoma: ndani ya mafunjo maji yana hewa kidogo sana kwa sababu majani yanaoza humo. Kamongo ana mapafu, kwa hiyo anaishi vizuri pale ambapo samaki wengine wangekufa, lakini kila baada ya muda lazima apande juu kuvuta pumzi. Korongo nyangumi anasubiri pumzi hiyo. Akiiona, anajiangusha mzimamzima, kichwa, shingo na mwili, na kuzoa kamongo pamoja na majani na tope, kisha anatikisa mdomo majani yadondoke. Ndivyo alivyofanya mbele yetu. Kamongo yule yule ninayempima kilo kwenye mizani yangu.

Idadi yao Afrika nzima inakadiriwa kati ya 5,000 na 8,000. Wapo Sudan Kusini, Uganda, Kongo, Zambia, na hapa kwetu. Hutaga yai moja hadi matatu, mara nyingi mawili, na kwa kawaida kifaranga kimoja tu ndicho kinachopona. Joto likizidi mzazi huchota maji kwa mdomo na kuyamwagia mayai na kifaranga. Huatamia mwezi mzima, halafu kifaranga hukaa zaidi ya miezi mitatu kabla hajaweza kuruka. Sasa hesabu nami. Wanajenga kiota maji yanapoanza kushuka, ili kifaranga akue wakati viwanja vya maji vimekuwa vidogo na kamongo wamebanana. Anza mwezi wa tano au wa sita. Utafika mwezi wa tisa au wa kumi kifaranga bado yuko kiotani, juu ya kichuguu cha majani, hawezi kwenda popote.

Na mwezi wa nane na wa tisa ndio miezi ya moto.

Hapa nasema kwa uchungu na kwa kumaanisha. Kila kiangazi anga la upande huu linakuwa la moshi. Mfugaji anachoma ili nyasi changa zichipue. Mrina asali anasahau kuzima kienge. Mkulima anasafisha shamba jipya la mpunga ukingoni. Mvuvi, ndiyo, hata mvuvi, anachoma mafunjo afungue njia. Nawafahamu wote hawa, ni ndugu na majirani, na kila mmoja ana sababu ya tumbo. Sina neno baya juu yao. Lakini moto wa mwezi wa nane na wa tisa hauishii ulipokusudiwa. Nyasi zimekauka, upepo ni mkali, mafunjo ya pembeni nayo yamekauka kwa juu, na moto unaingia hadi ndani, kwenye viota. Mzazi ataruka. Kifaranga hana mabawa ya kuruka.

Na korongo nyangumi si yeye peke yake. Yupo korongo mwingine mkubwa, mrefu kuliko korongo wote wa jamii ya korongo taji Afrika, mwenye ndevu mbili nyeupe za ngozi zinazoning'inia chini ya kidevu. Naye anategemea mbuga zilizofurika kidogo, anachimba viazi vya majani ya majini, na analea kifaranga mmoja tu. Bonde hili ni moja kati ya sehemu chache za Tanzania anakopatikana. Moto ukipita kwenye mbuga yake wakati kifaranga anatembea lakini haruki, mwaka mzima wa wazazi wale umekwisha.

Jambo lenyewe lina dawa, na wazee wa miombo wanaijua. Choma mapema. Mwezi wa tano na wa sita porini nyasi za juu zimeanza kukauka lakini chini bado kuna ubichi, moto unatembea polepole, hauui miti mikubwa, na ukifika ukingoni unakuta maji au majani mabichi, unazima wenyewe. Sehemu iliyochomwa mapema haina cha kuungua mwezi wa tisa, kwa hiyo inakuwa kinga ya mafunjo. Mfugaji anapata nyasi zake changa, mrina asali anapata usalama wa mizinga yake, na viota vinabaki salama nyuma ya mstari mweusi. Kinachohitajika ni watu wa vijiji vya ukingoni kukubaliana tarehe pamoja, kwa sababu kijiji kimoja kikichoma mapema na jirani akasubiri mwezi wa nane, kazi yote imepotea.

Nimelisema hili kwenye mkutano wa kijiji, nikiwa na daftari langu mkononi. Mzee mmoja mfugaji aliniuliza, "Mama, unataka tupange moto wetu kwa ajili ya ndege?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Nataka tuupange kwa ajili ya kamongo na perege, maana wanazaliana humo humo kwenye mafunjo na nyasi zilizofurika. Ndege wanatuonyesha tu kwamba bado pazima." Alinyamaza, kisha akaomba nimfungulie ukurasa wa mwaka jana aone tarehe ambazo maji yalianza kushuka. Tulikaa naye mpaka watu wengine wameondoka, tukilinganisha tarehe zangu na kumbukumbu yake ya lini alihamisha ng'ombe. Zilikaribiana sana.

Kuhusu mpunga sijui kama tutaelewana upesi hivyo. Mashamba yanasogea kila mwaka na kila anayelima anachimba mfereji wa kutoa maji, na ukingo ulionyooshwa kwa mfereji hautembei tena. Unakuwa na upande mkavu na upande wenye maji marefu, ule usawa wa magoti katikati unatoweka. Hapo ndipo nilipowaandika ndege wengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya Sagara. Ninachowaomba wakulima ninaowafahamu ni waache utepe wa majani mbele ya shamba, usiofyekwa wala kuchimbwa. Wawili wamekubali, na tayari kwenye utepe wa mmoja wao korongo wa mdomo wazi wanakula konokono wanaotoka kwenye majaruba yake, jambo ambalo limemfurahisha kuliko maneno yangu yote.

Mwaka huu naongeza safu mbili kwenye daftari: tarehe ya moto wa kwanza unaoonekana kutoka mwaloni, na upande ulikotokea. Ninyi mnaosoma mkiwa Usinge, Kaliua, Uvinza, au kandokando ya Ugalla, nisaidieni. Niandikieni siku mliyoona korongo taji wamekusanyika kwa wingi, siku mbayuwayu walipofika kwenye nyaya, na siku mlipoona moto umeingia kwenye mafunjo. Msiogope kukosea jina la ndege. Niambieni alisimama kwenye maji yanayomfika wapi, mimi nitajua pa kuanzia.